Mazungumzo ya Nyumbani: Ukiwa Unashinda Karata, Uinuke Saa Ngapi?

Mwezi huu ukurasa wetu unakaa kwenye mkeka mmoja na wale wanaocheza karata za pesa. Msigune, jamani. Hatukuja kupiga kelele. Kelele zilikwisha kupigwa, na karata zikahama tu kutoka barabarani zikaenda nyuma ya nyumba.

Karata zenyewe hazina ubaya. Arubastini imetupitishia jioni nyingi, hasa siku za mvua, wakati hakuna kibarua na hakuna pa kwenda. Lakini miaka hii vijana wamejifunza poka. Wengine wameiona kwenye simu, wengine wamefundishwa na ndugu waliopata kwenda Marekani, ambako poka ni mchezo wa siku zote. Wanakaa watu wanne au watano, wanahesabu kwa punje za maharage, punje moja shilingi 50, na mwisho wa mchezo punje zinageuzwa pesa.

Vijana hao ndio waliotuletea swali la mwezi huu. Walisema hivi: "Kupoteza tunakujua, kila mtu anatuonya. Lakini mtu akiwa anashinda, atajuaje kwamba saa ya kuinuka imefika?"

Swali hili tumelipenda. Wengi wanaorudi nyumbani usiku mikono mitupu hawakuanza kwa kupoteza. Saa moja walikuwa wanacheka, saa mbili mfuko umejaa, saa nne wamebaki na punje tatu. Kumbe saa mbili ilikuwepo. Ilipita mbele yao na hawakuiona.

PESA YA POKA INATOKA WAPI?

Kwanza tuuelewe mchezo. Katika poka inayochezwa zaidi siku hizi, kila mchezaji hupewa karata mbili anazozificha, halafu karata tano zinawekwa wazi katikati kwa ajili ya wote. Kila hatua watu wanaweka dau, wanaongeza, au wanatupa karata zao na kuacha. Mwenye karata nzuri anaweza kushinda. Asiye na kitu naye anaweza kushinda, akiongeza dau kwa uso mkavu mpaka wenzake waogope. Kwa hiyo poka ina bahati na ina ujuzi, vyote viwili.

Lakini sikilizeni neno hili moja. Katika poka hakuna tajiri anayekaa pembeni na kulipa washindi. Kila shilingi unayoshinda imetoka mfukoni mwa aliyekaa mbele yako. Kwenye kasino za nchi nyingine ni hivyohivyo, ila kule mwenye nyumba hukata kidogo katika pesa ya katikati. Hapa kwetu hakuna anayekata, lakini anayekaa mbele yako ni jirani. Unajua nyumba yake. Unajua ana watoto wangapi. Pengine mmesimama naye mstari mmoja siku ya mgao.

Basi kushinda kwetu kuna mpaka wake tangu mwanzo, maana waliokaa pale hawana pesa nyingi ya kupoteza. Pesa yao ikiisha, itakayofuata ni chakula.

MTU ALIYESHINDA DOLA MILIONI 40

Tuwape mfano wa mbali, ili kusiwe na anayesema tunamsema yeye. Alikuwepo mtu mmoja mzaliwa wa Ugiriki aliyejulikana kwa jina la Archie Karas. Mwezi wa Desemba mwaka 1992 aliingia mji wa Las Vegas huko Marekani akiwa na dola 50 tu. Alikopeshwa dola 10,000 na mtu waliyefahamiana, akacheza poka, akazifanya 30,000, akamrudishia yule mtu 20,000. Kuanzia hapo hakushikika. Aliwashinda mabingwa wakubwa wa poka, mmoja mmoja, na kufikia mwaka 1995 mali yake ilikuwa imepita dola milioni 40.

Sasa tazameni kilichotokea. Mabingwa wa poka walianza kukataa kukaa naye. Wao walikuwa wameshajua saa yao ya kuinuka. Hiyo ingekuwa ishara na kwake: mchezo ulioniletea mali umekwisha, nirudi nyumbani. Yeye hakuinuka, alihamia michezo mingine. Akatupa dadu kwa madau makubwa, akacheza na karata za baccarat. Katika michezo hiyo ujuzi wa poka haufanyi kazi, na hesabu imepangwa ili mwenye kasino apate mwisho wa safari. Mwaka huohuo wa 1995, kwa majuma machache, sehemu kubwa ya milioni zile ilikwenda, na zilizobaki zikafuata muda si mrefu. Karas alifariki mwaka 2024, na mpaka leo wachezaji wanaisimulia habari yake.

Wengine watasema ni bahati mbaya. Sisi tunaona kitu kingine. Kwa mtu aliyeanza na dola 50, hata milioni moja ingetosha kununua nyumba na kula mpaka uzee. Lakini hakuweka kiasi ambacho akikifikia atasema, "Sasa basi." Asiyeweka kiasi, hata milioni 40 hazimtoshi. Wazee walisema zamani: mtaka yote hukosa yote.

WALE WANAOISHI KWA POKA WANASEMAJE?

Tuwe wakweli. Huko ng'ambo wako watu wanaofanya poka kuwa kazi, na wengi wao hawasemi "ukishinda kiasi fulani inuka." Wao wanasema maisha yote ya mchezaji ni mchezo mmoja mrefu. Kulala na kurudi kesho ni kuendelea palepale. Kwa hiyo hawatazami sana pesa waliyoshinda leo. Wanatazama mambo matatu. La kwanza: je, bado ninacheza vizuri, au nimechoka? La pili: je, niliokaa nao bado ni dhaifu kuliko mimi, au dhaifu wameondoka na waliobaki ni wakali? La tatu: je, pesa iliyo mezani sasa imekuwa kubwa mpaka ninaogopa kuipoteza?

Maneno hayo yana akili, na vijana wetu wanayapenda. Wanatuambia: "Mnaona? Hata mabingwa hawainuki wakiwa wanashinda." Lakini wanasahau kitu kimoja. Mchezaji wa namna hiyo ana pesa ya karata iliyotengwa mbali na pesa ya chakula. Mara nyingi wanashauriana kuweka akiba ya mara 20 au zaidi ya kile unachoingia nacho mezani. Tuhesabu kwa kipimo chetu. Ukiingia na shilingi 2,000, uwe na 40,000 zimekaa tu, hazidaiwi na mtu, hazingojewi na mtoto.

Tunauliza: ni nyumba gani hapa kambini yenye shilingi 40,000 zisizo na kazi? Na kama ipo, si afadhali zikanunua kuku wawili watatu, au unga na mafuta ya kuanzia biashara ya maandazi?

Kwa hiyo shauri la mabingwa haliwezi kuwa letu. Mambo yao matatu tunaweza kuyachukua, lakini sisi tunahitaji na la nne: saa na kiasi vilivyokatwa kabla ya kukaa.

KWA NINI MSHINDI HAWEZI KUJIAMULIA MEZANI?

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Thaler na Eric Johnson, walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu aliyetoka kushinda huthubutu zaidi, kwa sababu pesa aliyoshinda haioni kama ni yake kwelikweli. Anaiona kama pesa ya mchezo. Ikienda, moyoni anasema, "Si nilikuja bila hiyo?" Huyo Thaler baadaye, mwaka 2017, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi.

Hata bila kitabu, jambo hili tunalijua. Shilingi 500 uliyolipwa kwa kubeba matofali unaifunga kwenye kona ya kitambaa. Shilingi 500 uliyoshinda kwa karata unairusha. Lakini dukani zote mbili zinanunua sabuni ileile! Mwenye duka hakuulizi ilitoka wapi.

Ndiyo maana tunasema: aliye mezani na anashinda, huyo ndiye asiyefaa kuamua. Damu imechemka, watu wanamsifu, anaona karata zinampenda. Karata hazipendi mtu. Zikichanganywa vizuri, mkono unaofuata haukumbuki uliopita.

TUHESABU PAMOJA

Wamekaa watu wanne. Kila mmoja ameleta shilingi 2,000. Zote pamoja ni 8,000. Baada ya saa moja na nusu, mmoja wao ana 6,500. Wale watatu wamebaki na 1,500 kwa pamoja, yaani kama 500 kila mmoja.

Sasa huyu mwenye 6,500 akiendelea, atapata nini zaidi? Akiwamaliza wote, atapata 1,500. Na anachoweza kurudisha kidogo kidogo ni faida yake ya 4,500, halafu na zile 2,000 alizokuja nazo. Nani kati yenu angefanya biashara ya namna hiyo sokoni, kuhatarisha 6,500 kwa ajili ya 1,500?

"Lakini wataleta pesa nyingine," kijana atajibu. Naam, hapo ndipo tulipotaka kufika. Mmoja wa wale watatu anainuka na kusema, "Ningojeni, narudi." Amekwenda wapi? Amekwenda nyumbani. Anachota kilo za unga kwenye mfuko wa mgao, au anachukua mafuta, anakwenda kuuza kwa bei ya kutupa. Anarudi na shilingi 3,000. Kuanzia dakika hiyo hamchezi tena na pesa ya mfukoni, mnacheza na uji wa watoto wake. Na yeye anayecheza kwa kutaka kurudisha kilichopotea ni mtu wa hatari, anaweka dau kwa hasira. Ukimshinda, umechukua chakula cha jirani. Akikushinda, umerudisha chote. Njia zote mbili hazina heri.

Ndiyo maana kwetu ishara kubwa kuliko zote ni hii: mtu wa kwanza akiondoka kwenda kuleta pesa nyingine, mchezo umekwisha. Gaweni punje, hesabuni, mtu aende kwake.

ISHARA TANO ZA KUINUKA

Kwa yule ambaye bado anacheza, tunaziweka hapa wazi. Ukiona moja tu, inuka.

1. Saa uliyoisema kabla ya kukaa imefika. Usiseme "mkono mmoja wa mwisho." Mkono wa mwisho una wadogo zake wengi.

2. Umefikia kiasi ulichokata. Kama uliingia na 2,000 na ulisema ukifika 4,000 basi, 4,000 ndiyo basi. Na kushuka vilevile: hizo 2,000 zikiisha, hakuna za kuongeza.

3. Mwenzako amekwenda kuleta pesa ya nyumba, au anataka kukopa kwako. Ukimkopesha mtu ili ucheze naye, unacheza na pesa yako mwenyewe huku unatengeneza deni na ugomvi.

4. Dau limepanda. Mlianza na punje moja moja, sasa mnaweka ishirini. Huo ni mchezo mwingine, na hukuukubali ulipokaa.

5. Umeanza kuwaza utakachonunua. Aliyeanza kuhesabu faida huku karata ziko mkononi hatazami tena wenzake. Kama umeshajua utanunua nini, nenda ukanunue.

NAMNA YA KUINUKA BILA UGOMVI

Tunajua kinachowafunga wengi. Si tamaa peke yake, ni aibu. Ukiinuka unashinda, watu wanasema: "Kaka, umekula pesa zetu halafu unakimbia?" Na kambini hakuna pa kujificha, kesho mtakutana kisimani.

Dawa yake inajulikana na wachezaji wa kila nchi: tangaza saa yako mwanzo, kabla karata hazijagawiwa. Mazungumzo yawe hivi:

"Jamaa, mimi leo mpaka saa mbili tu. Mama watoto ananingoja."

"Hata ukiwa unapoteza?"

"Hata nikiwa napoteza. Saa mbili ni saa mbili."

Ukisema hivyo, saa mbili ikifika hakuna wa kukulaumu. Na ukiwa unapoteza, inuka vilevile, ili siku ya kushinda wakuamini. Anayeondoka mapema siku za kushinda tu, na siku za kupoteza anakesha, huyo wenzake watamwita mwizi, na mwisho kweli atapoteza zaidi kuliko anavyopata.

Jambo jingine: mwambie na wa nyumbani. Saa ya kuondoka isikae kichwani mwako peke yako, maana ukikaa mezani utaibadilisha. Mkeo akijua, mama akijua, mdogo wako akija kusimama pembeni na kusema, "Yaya, saa imefika," usimfukuze. Amekuja kukusaidia kushika neno lako.

PESA IKIFIKA NYUMBANI

Pesa ya karata haijawa yako mpaka imegeuka kitu. Ikilala mfukoni, kesho itarudi mezani. Kwa hiyo ukifika nyumbani iweke mikononi mwa mama watoto, naye asubuhi aigeuze kuwa chumvi, sabuni, daftari, au nauli ya kwenda kwa daktari.

Na akina mama, tunawaomba na nyinyi. Baba akileta pesa ya karata, msimsifu kama mtu aliyetoka kazini. Mkimpigia vigelegele, kesho atakwenda tena kutafuta vigelegele. Mwulizeni kwa upole: "Imetoka kwa nani?" Kama imetoka kwenye nyumba ambayo usiku huu haina unga, mnajua la kufanya. Kibaba kimoja kikivuka njia kwenda kwa jirani, ugomvi mwingi hautazaliwa.

MICHEZO ISIYO NA SAA YA KUINUKA

Kabla hatujamaliza, tuwaonye juu ya michezo miwili inayofanana na swali letu lakini si sawa.

Wa kwanza ni pata potea, yule mtu mwenye karata tatu siku za soko. Pale hakuna kushinda. Wanaoonekana wakishinda ni wenzake. Saa ya kuinuka ni kabla ya kusimama.

Wa pili ni ule wa ndege kwenye simu. Ndege inapaa, namba inapanda, na wewe ubonyeze kuchukua pesa kabla haijapotea. Vijana wanafikiri ni swali lilelile la kujua saa ya kuacha. Sivyo. Saa ya ndege kupotea inatoka kwenye kompyuta bila mpangilio wa kukisika, na hesabu imetengenezwa ili kwa jumla mwenye mchezo abaki na sehemu yake, ubonyeze mapema au uchelewe. Katika poka unaweza kumsoma mwenzako. Ndege hairuhusu kusomwa.

Tukumbushane na sheria. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Anayeendesha mchezo wa pesa anatakiwa kuwa na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sisi wakimbizi hatuko nje ya sheria za nchi iliyotupokea. Wazazi, mkiona mtoto wa shule anahesabu punje nyuma ya nyumba, muiteni nyumbani.

Na kama yuko mtu nyumbani ambaye kila siku anakata saa na kila siku anaivunja, anauza vitu kwa siri, anakopa, anakasirika akiulizwa, huyo ishara tano hazitamsaidia. Msimtukane mbele ya watoto. Mmoja wa wazee anayemheshimu azungumze naye, kadi ya mgao ishikwe na mwingine kwa makubaliano, na yeye asikae karibu na karata hata za kuchezea bure, mpaka moyo utulie. Huduma za ushauri zilizopo kambini ni kwa ajili ya mambo kama haya pia.

Sisi tungependa zaidi punje za maharage zibaki punje, mtu acheze, acheke, na mwisho zipikwe. Lakini kwa yule ambaye leo jioni atakaa tena, tumempa jibu la swali lake: saa ya kuinuka huamuliwa nyumbani, mchana, kabla ya kukaa, na mtu mwingine aijue.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani anashika kadi ya mgao, na je, wote tumekubaliana?

2. Pesa iliyopatikana kwa bahati, tunaitumia kama ile ya kibarua au tunaitupa? Kwa nini?

3. Kama baba, kaka au mtoto wetu anacheza, tunamjua saa yake ya kuinuka? Nani atakwenda kumwita?

Tuleteeni majibu yenu, na maswali mengine, kupitia kwa viongozi wa zoni. Tuonane mwezi ujao. Mbaki salama na nyumba zenu.